Mikataba Miwili: Barua ya Wazi kwa Mnaotunga Mtaala na Mitihani ya Historia

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kilwa Masoko. Mimi ni mwalimu wa Historia, huu ni mwaka wangu wa 19 kazini, na miaka yote hiyo nimeimaliza ndani ya mkoa huu wa Lindi. Barua za kupitia ngazi nimekwisha kuandika mbili kuhusu jambo hili hili. Zilipanda, zikafika mahali, zikakaa. Hii ya tatu naiandika mbele za watu, na mtanisamehe nikiongea kimwalimu, yaani kwa kurudiarudia na kwa kuuliza maswali ambayo majibu yake ninayo mfukoni.

Jambo lenyewe ni namna tunavyowafundisha vijana wa kidato cha tano na sita habari za wanafalsafa wa Zama za Mwangaza, wale watu wa karne ya 17 na ya 18 ambao fikra zao zimo ndani ya katiba karibu zote tunazozijua, yetu ikiwemo.

Muhula uliopita nilikuwa nasahihisha mtihani wa majaribio. Swali mnalijua, hurudi kila baada ya muda kama mvua za vuli: wanafalsafa walichangiaje kutokea kwa Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789? Nilikuwa na karatasi 43. Katika 38 kati ya hizo hoja zilifuatana kwa mpangilio uleule, Locke mbele, kisha Montesquieu, kisha Voltaire, Rousseau akifunga mlango. Na Rousseau huyo kaandikwa kwa kosa lilelile, herufi U ya kwanza imerukwa. Nikajua wote wamechota kisima kimoja, desa, yaani muhtasari wa majibu wa kurasa 12, linalouzwa pale stendi karibu na mama wa chapati. Nikawapa alama zao. Mwongozo wa usahihishaji ulitaka jina, wazo na maelezo kidogo, na vyote vilikuwepo. Rousseau alisema binadamu huzaliwa huru. Vema, alama mbili, karatasi inayofuata.

Sasa hebu fikirini. Mwaka 1784 Immanuel Kant aliandika katika jarida moja la Berlin kujibu swali la Mwangaza ni nini. Akasema ni binadamu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe, ule wa kushindwa kutumia akili yake mpaka aongozwe na mwingine. Akatoa na mifano kwa kejeli: ninacho kitabu kinachoelewa kwa niaba yangu, ninaye mchungaji aliye na dhamiri kwa niaba yangu, ninaye daktari wa kunipangia chakula, ya nini nijisumbue? Angekuwa mwalimu wa hapa Masoko angeongeza desa.

Lakini sikuja kuwasema wanafunzi. Mwenye kosa la kwanza ni mimi. Miaka zaidi ya kumi iliyopita, nikiwa katikati ya somo hilohilo, binti mmoja aliyekuwa akikaa dawati la nyuma dirishani alinyoosha mkono. "Mwalimu, hawa watu wakati wanaandika haya, walikuwa wanajua kama sisi tupo?" Darasa likacheka. Nikamjibu, "Hilo halitoki kwenye mtihani, tuendelee." Akashusha mkono, akaendelea kuandika. Alifaulu vizuri, na sijui kama aliwahi kuuliza swali tena.

Jibu la swali lake lilikuwa ng'ambo ya maji, Kilwa Kisiwani, mahali ambapo ukisimama gatini unapaona kwa macho.

Mwaka 1776 mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, aliyekuwa akifanya shughuli zake kutoka Île de France, kisiwa tunachokiita leo Morisi, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa, Hassan bin Ibrahim. Maneno yake yamehifadhiwa. Sultani anaahidi kumpa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piastre 20, sarafu za fedha za wakati ule, na juu ya bei hiyo Morice atampa Sultani zawadi ya piastre 2 kwa kila kichwa. Hakuna mwingine atakayeruhusiwa kununua, awe Mfaransa, Mwingereza, Mholanzi au Mreno, mpaka Morice atosheke. Mfaransa anapewa na ngome, atie humo mizinga aitakayo na bendera yake. Muda wa mkataba ni miaka 100.

Mwaka 1776, waheshimiwa. Mwaka uleule ambao kule Philadelphia Wamarekani walitangaza, tarehe 4 Julai, kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mwaka uleule Adam Smith alitoa kitabu chake juu ya utajiri wa mataifa. Voltaire alikuwa hai. Rousseau alikuwa hai, mzee wa miaka 64, anaishi Paris na kujipatia riziki kwa kunakili nota za muziki. Mwanafunzi wangu anaijua tarehe ya Philadelphia hata ukimwamsha usiku. Ya kwao haijui, na amezaliwa hapa, na babu yake ni mvuvi ambaye mashua yake hupita chini ya kuta hizohizo kila alfajiri.

Nilipoupata mkataba huo nikaanza kufanya kitu ambacho mtaala hauniagizi wala haunikatazi. Nagawa ubao mara mbili kwa chaki. Kulia naandika vipengele vya mkataba wa Kilwa wa 1776. Kushoto naandika maneno kutoka mkataba mwingine, ule wa jamii alioutunga Rousseau na kuuchapisha mwaka 1762, kitabu ambacho mji wake mwenyewe wa Geneva ulikichoma moto mwaka huohuo. Na siandiki yale ya kuzaliwa huru, hayo wanayo tayari. Naandika kutoka sura yake ya utumwa, mahali anaposema kwamba neno utumwa na neno haki yanafutana, haliwezi moja kusimama na jingine. Kisha anamwigiza bwana anayejidai amefunga mapatano na mtumwa wake: nafanya nawe mapatano ambayo hasara yote ni yako na faida yote ni yangu, nitayashika kwa muda ninaopenda mimi, nawe utayashika kwa muda ninaopenda mimi.

Basi, nakaa pembeni. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo kimya kilidumu, halafu kijana mmoja akaanza hesabu pembeni ya daftari: 1,000 mara 100. Akaitaja kwa sauti, laki moja. Jirani yake akazidisha 22 mara 1,000 kupata gharama ya mwaka mmoja, 22,000, kisha akataka kujua piastre moja ilinunua nini. Mwingine akauliza swali ambalo sijaliona katika mwongozo wowote wa usahihishaji: "Kwenye huu mkataba wa kulia, waliouzwa wameweka sahihi wapi?"

Kutoka hapo somo linajiendesha. Hawakuniachia nimtupie lawama Mfaransa peke yake, na ndivyo inavyotakiwa. Walitaka kujua Sultani alikuwa na shida gani hadi agawe ngome yake. Nikawaeleza kwamba Kilwa ilikuwa imejinasua mikononi mwa Waomani miaka michache tu kabla, na Sultani alikuwa akihitaji rafiki mwenye mizinga. Mkataba wenyewe unasema atakayemshambulia mmoja atapigwa na wote wawili. Haukumsaidia. Waomani walirudi miaka ya katikati ya 1780, na miaka mia ile haikufika hata kumi. Wakauliza waliouzwa walitoka wapi. Wengi walitoka bara, wakishushwa na misafara ya Wayao kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Hapo darasa huwa zito, maana wapo Wayao humo, wapo Wamakua, na wapo wanaojiita Washirazi. Hakuna aliyebaki upande safi. Nawaacha wakae nalo kidogo.

Mwaka jana niliwavusha 26 kwenda Kisiwani kwa michango ya wazazi. Tukapita ngome ya Gereza, tukapita Msikiti Mkuu, tukaenda kuketi Makutani, kwenye magofu ya kasri walimoishi masultani wa karne hiyo ya 18. Msichana mmoja akausoma mkataba kwa Kiswahili changu mwenyewe cha kutafsiri usiku. Wakabishana hadi nahodha akatuma mtu kusema maji yanatoka, tutakwama. Mwenye kosa ni nani: aliyeuza, aliyenunua, au mama wa Paris anayetia sukari kwenye kahawa yake? Nikawatupia kuni motoni. Voltaire, katika hadithi yake ya 1759, anamweka njiani Suriname mtumwa aliyepoteza mkono mmoja na mguu mmoja, akisema kwa bei hii ndiyo mnakula sukari huko Ulaya. Na Bernardin de Saint-Pierre, mhandisi aliyekaa hapo Morisi kuanzia 1768 hadi 1770, akaja baadaye kuwa rafiki wa Rousseau, aliandika kwamba hajui kama kahawa na sukari ni vya lazima kwa furaha ya Ulaya, ila anajua mimea hiyo miwili imezitia msiba sehemu mbili za dunia.

Kwa hiyo yule binti wa dawati la nyuma nina jibu lake, limechelewa tu. Ndiyo, walijua tupo. Wengine walijua vizuri sana.

John Locke, baba wa haki za asili katika madesa yote, aliweka fedha zake katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa ikisafirisha watumwa. Alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na katiba ya koloni hilo ya 1669, ambayo mkono wake umo, inampa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. David Hume wa Edinburgh aliongeza tanbihi katika insha yake mwaka 1753 akisema anashuku watu weusi ni duni kwa maumbile. Kant yuleyule wa kutumia akili yako aliandika mwaka 1764 habari za mtu mmoja mweusi, kwamba weusi wake wa utosini hadi unyayoni ni ushahidi tosha kwamba aliyoyasema ni ya kijinga. Hapa darasani huwa wanaguna.

Sasa mtu atasema: kumbe ndiyo hao, tuwaondoe kwenye mtaala. Wapo walimu wenzangu wanaosema hivyo, na wapo wazazi. Mimi nasema Mgala muue na haki yake mpe. Kant huyohuyo, mwaka 1795, alivilaani visiwa vya sukari kuwa makao ya utumwa wa kikatili kuliko wote, akawashutumu Wazungu wanaofika nchi za watu na kuhesabu kwamba kutembelea ndiyo kuteka. Hume naye alijibiwa akiwa bado hai na Mskoti mwenzake, James Beattie, mwaka 1770. Na muda mrefu kabla ya ugomvi huo alikuwepo Anton Wilhelm Amo, mtoto aliyetolewa Axim, katika Ghana ya leo, akakulia Ujerumani, akatetea tasnifu yake ya falsafa mwaka 1734 na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle na Jena. Mwafrika mwalimu wa falsafa chuo kikuu ndani ya Zama za Mwangaza zenyewe! Katika miaka yangu 19 sijaona swali moja linalomtaja.

Desa haliwezi kubeba habari hizi, kwa sababu desa linataka kila mtu awe na hoja moja. Hawa walikuwa na hoja na kinyume chake, mara nyingine kwa mtu mmoja, na walisomana na kupigana. Hata hilo neno mchango linawadanganya vijana. Linafanya waone kama Rousseau alitoa wazo, watu wakalipokea, Mapinduzi yakatokea, uhuru ukaja.

Hebu tuuone uhuru huo ulivyosafiri. Agosti 1791 watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuwa tajiri kuliko yote, waliinuka. Humo walikuwemo watu waliopakiwa kutoka pwani hii ya mashariki ya Afrika, kwa kuwa miaka ya 1780 meli zilikuwa zikiwazungusha hadi huko. Vita vyao ndivyo vilivyolisukuma Bunge la Paris kufuta utumwa tarehe 4 Februari 1794. Miaka miwili baadaye, Juni 1796, wajumbe wawili kutoka Ufaransa walitia nanga Morisi na amri hiyo. Walowezi waliwarudisha baharini baada ya siku chache tu, na utumwa ukaendelea kama kawaida. Mwaka 1802 Napoleon akaja kuwahalalishia. Kule Saint-Domingue hawakukubali, wakapigana hadi tarehe 1 Januari 1804 ikazaliwa Haiti. Morisi ikasubiri hadi 1835, tena chini ya Mwingereza.

Kwa mtu aliyetoka Kilwa kwa piastre 20, Mapinduzi ya Ufaransa yalifika hadi bandarini yakarudishwa. Nikiandika sentensi hiyo kama mtahiniwa, mwongozo unanipa alama ngapi?

Nije kwenye lugha, ambalo najua mmechoka kulisikia. Sitarudia mjadala wote, nitasema nilichokiona tu. Wale 26 waliobishana Makutani ni walewale ambao kesho yake darasani, tuliporudi kwenye Kiingereza, watatu tu ndio walionyoosha mkono. Akili haikubaki Kisiwani. Kilichobaki ni maneno. Na katika somo hili maneno ndiyo somo lenyewe. Mtoto wa pwani ukimwambia uhuru kwa Kiingereza, anapokea msamiati. Ukimwambia kwa Kiswahili unaweza kumuuliza: zamani hapa kwetu aliye huru aliitwaje? Aliitwa mwungwana. Na leo mwungwana ni nani? Mtu mstaarabu, mpole, mwenye adabu. Imekuwaje neno la mtu asiye mtumwa likawa ndilo neno la tabia njema? Ina maana mtumwa hakuhesabiwa kuwa na adabu? Niliwahi kuuliza hivyo kipindi cha mwisho, saa nane na nusu mchana, joto la Januari, na kengele ya kwenda nyumbani ilipolia hakuna aliyesimama. Hapo walikuwa wameshafika palepale Rousseau alipotaka kuwafikisha, kwamba utumwa hugeuzwa uonekane ni tabia ya mtu, wakati ni kitu alichofanyiwa. Wamefika kwa njia ya Kilwa.

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili na mbingu hazijaanguka.

Montesquieu nimemwacha makusudi, maana yeye ndiye anayeniletea matatizo zaidi, na ndiye nimpendaye. Alikuwa hakimu wa Bordeaux na mkulima wa zabibu, akakaa Uingereza tangu 1729 hadi 1731 akitazama wanavyotawaliwa, kisha akarudi kwake La Brède kuandika kitabu alichokitoa Geneva mwaka 1748 bila jina lake juu ya jalada. Madesa yanasema alileta mihimili mitatu: Bunge, Serikali, Mahakama. Sawa. Lakini kuhesabu hadi tatu hakukuwa shida yake. Alichokiogopa ni kwamba kila mwenye madaraka huyasukuma hadi akutane na ukuta, kwa hiyo mambo yapangwe ili madaraka yazuie madaraka. Wafaransa wa 1789 walilichukua hilo kwa uzito hata wakaandika, katika kifungu cha 16 cha Azimio lao la haki, kwamba jamii isiyo na uhakika wa haki wala mgawanyo wa madaraka haina katiba.

Sasa kijana akishaelewa ukuta, haachi kuutafuta. Mmoja aliniuliza: "Mwalimu, mkuu wa wilaya yuko mhimili upi?" Nikamwambia Serikali. "Mbona anaweza kuamuru mtu awekwe ndani?" Nikamweleza kwamba Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inawapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, tena kwa masharti yaliyoandikwa. Akauliza na mawaziri. Nikamweleza kwamba kwetu waziri sharti awe mbunge, kama walivyo Waingereza. Wakenya kwa katiba yao ya 2010 walitenganisha, waziri haketi bungeni kama mbunge, kama Marekani. Akatafakari, akasema, "Basi sisi tumemfuata Montesquieu nusu." Mwenzake akamkatalia: Montesquieu mwenyewe alijifunzia Uingereza, ambako mawaziri walikuwa wakiketi bungeni tangu wakati wake, kwa hiyo huenda ni yeye aliyeona nusu. Waheshimiwa, hao ni watoto wa miaka 18. Mabishano hayo wanasheria wanayafanya kwa malipo.

Nikawaonya wasiandike hivyo kwenye mtihani. Niliwaambia andikeni kwamba Tanzania inafuata mgawanyo wa madaraka wa Montesquieu kama ibara ya 4 ya Katiba inavyoonyesha, mkomee hapo. Hilo ndilo lililonifanya nikae niandike barua hii: nimejikuta nawafundisha wanafunzi wangu kuficha walichokielewa.

Najua mnaogopa nini, na si hofu ya kijinga. Mnaogopa majibu yasiyosahihishika. Msahihishaji ana marundo ya karatasi, ana siku chache, hoja tano zenye majina zinasahihishika hata ukiwa umesinzia. Jibu la kubishana linataka mtu asome hadi mwisho. Pengine mnaogopa pia kwamba kijana akizoea kumhoji Locke atahamia kwa wa karibu zaidi. Atahamia, hilo siwafichi. Na wa karibu anahimili. Mwalimu Nyerere alisoma Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, katika mji uleule wa Hume, mji ambao chuo kikuu chake mwaka 2020 kiliondoa jina la Hume kwenye jengo lake refu kwa sababu ya tanbihi ile niliyoitaja. Azimio la Arusha linaanza imani zake kwa maneno kwamba binadamu wote ni sawa, na Mwalimu alisisitiza kwamba usawa huo hatukuuazima Ulaya, ulikuwemo katika ujamaa wa nyumba zetu. Mwaka 1962 alichapisha kijitabu chake cha ujamaa, na mwaka huohuo nchi ikapitisha sheria ya kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Mwanafunzi aliyekwisha kumpima Locke kwa Carolina anajua la kufanya na jozi hiyo. Anajua kutupa mtu mzima si jibu, na kumsujudia si jibu.

Ninachoomba si mtaala mpya. Mitaala mipya huja na semina, semina huja na mabango, halafu tunarudi palepale. Naomba swali moja. Katika karatasi ya Historia ya kidato cha sita wekeni swali moja tu linalompa mtahiniwa maandishi mawili ya wakati ule, nusu ukurasa kila moja, na kumtaka ayapambanishe. Ruhusuni lijibiwe kwa Kiswahili kwa anayetaka. Mwongozo wake useme wazi kwamba jibu linalompinga mwanafalsafa kwa ushahidi linapata sawa na linalomsifu kwa ushahidi. Madesa yatakufa yenyewe, maana hakuna wa pale stendi atakayeweza kuuza jibu la swali ambalo maandishi yake hajayaona. Na mkataba wa Kilwa uchapishwe kwa Kiswahili, kwa tafsiri bora kuliko yangu ya usiku, ufike kila shule yenye mchepuo wa Historia.

Mnao mfano wa mtu wa kiti chenu. Diderot na wenzake walipokuwa wakitoa ensaiklopidia yao Paris, iliyoanza kutoka mwaka 1751, msimamizi wa udhibiti wa vitabu vyote vya Ufaransa alikuwa Malesherbes. Mwaka 1752 ikaja amri ya kukamata miswada. Inasimuliwa kwamba Malesherbes alimpelekea Diderot habari kabla ya askari, na Diderot aliposema hana pa kuificha, akamwambia ilete nyumbani kwangu, huko hakuna atakayekuja kupekua. Kazi ikaendelea hadi 1772, juzuu 17 za maandishi na 11 za picha. Mtu yule hakuwa mwanamapinduzi. Alikuja kumtetea mfalme mahakamani wakati wachache tu walithubutu, na mwaka 1794 akakatwa kichwa. Alikuwa ofisa tu, mwenye meza na muhuri, aliyejua kipi cha kuacha kipite.

Nawaalika Kilwa. Njooni wakati wa muhula, si likizo, mkute watoto wapo. Mashua za kwenda Kisiwani zinapatikana gatini asubuhi, kibali mnakata hapohapo Masoko, na nitakuja na darasa. Njooni na maswali yenu yaliyochapwa, nasi tutakuja na yetu. Vaeni ndara, maana maji yakishatoka upande wa Makutani mnashukia kwenye tope la mikoko hadi magotini.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Historia
Kilwa Masoko